Kila habari iwe na anwani yake

Juzi rafiki alinitumia kwa WhatsApp habari ya Punia. Nikagusa kiungo, nikafika mwanzo wa tovuti. Kabla sijaipata habari yenyewe, mega ziliisha.

Tovuti nyingi siku hizi ni ukurasa mmoja: menyu inabaki, sehemu ya ndani tu inabadilika. Hilo ni jema, mega zinapona. Lakini ndugu mnaozitengeneza, zipangeni kama Maniema ilivyopangwa: jimbo, ndani yake wilaya 7, ndani yake vijiji. Kila ngazi iwe na anwani: maniema/punia/habari. Nikibonyeza kurudi, nirudi Punia, nisitupwe nje. Anayetoka Alunguli mtumbwi humvusha hadi Kasuku, haumpeleki Kasongo.

Habari isiyo na anwani, jirani ataisoma wapi?