Viwanda vya korosho vilivyokufa vyaweza kuwafaa wabanguaji wadogo

ATOKAYE Nanganga kuelekea Masasi na Newala hupita kwenye mikorosho mingi, lakini sehemu kubwa ya mavuno yake husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje katika miaka ya 1970 na 1980 vilisimama, vikabinafsishwa. Baadhi vikageuzwa maghala.

Kumngoja mwekezaji wa kufufua kiwanda kizima kumekula miaka mingi. Njia nyepesi ni kuyagawa majengo hayo vyumba vya pango nafuu, vyenye maji na umeme, kwa vikundi vinavyobangua majumbani. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, inao uzoefu wa mitaa ya viwanda vidogo.

Kikwazo ni umiliki: bila wenye majengo kuridhia, au Serikali kuyatwaa kisheria, ajira zitaendelea kupakiwa melini pamoja na maganda.