Kigae na Tabaka Lake

Mtoto akirudi kutoka skuli na neno "akiolojia", wazazi wengi humwachia mwalimu. Hatuoni kuwa yafaa. Elimu hiyo, ambayo wataalamu wa Kiswahili wameipa jina la elimukale, yatuhusu mno sisi watu wa pwani, na istilahi zake si nzito zikishafunguliwa.

Kwanza tutenge jambo moja. Visukuku, yaani mifupa au majani yaliyogeuka jiwe kwa kukaa ardhini dahari na dahari, vina elimu yake mbali. Elimukale hushughulika na binadamu na alichokiacha: nyumba, kaburi, chungu, ushanga, hata jaa la miba ya samaki.

Neno kuu ni tabaka. Watu wakikaa mahali miaka mingi, majivu, taka na vifusi hulaliana, vipya juu ya vikongwe. Mchimbaji huondoa tabaka moja baada ya jingine, akiandika kila kitu kimetoka katika lipi. Kigae cha bakuli la Kichina kikitoka pamoja na makaa ya mekoni, kila kimoja humshuhudia mwenziwe. Kikiokotwa na kuwekwa kabatini, chabaki pambo tu.

Makaa nayo yana kazi yake. Kila chenye uhai huwa na kaboni 14, ambayo kikishakufa hupungua kwa kipimo maalumu. Nusu yake huondoka kwa miaka ipatayo 5,730. Njia hii aliianzisha Mmarekani Willard Libby katika miaka ya 1940. Hupima mti, mfupa au kombe, wala haipimi umri wa jiwe, na jibu lake huwa la makadirio. Ndipo tarehe iliyochongwa, kama ile ya mwaka 802 Hijria (1399 Miladia) kwenye kaburi mojawapo la Gede, ikawa na thamani kubwa kwa wachimbaji.

Lakini ushahidi tuupendao zaidi hauna maandishi. Huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, Mark Horton na wenziwe walichimba chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta athari za misikiti iliyoutangulia, hadi kufikia mdogo wa miti, wa karne ya 8 Miladia. Miti yenyewe ilikwisha kuoza zamani. Yalibaki matundu ya nguzo, nayo ni madoa tu ya udongo uliotofautiana rangi na wa pembeni. Walioandika kuwa miji yetu ililetwa na wageni ikiwa tayari, walijibiwa na madoa hayo: mji ulianza kwa vibanda vya miti na udongo, ukakua papo hapo. Na jembe la mtu mmoja mwenye kutafuta mawe ya kujengea lingaliyafuta kwa asubuhi moja.

Kina mama walimao karibu na magofu ndio wakutao vitu hivi mara nyingi. Ukikuta kigae, sarafu au ukuta uliozikwa, usikisugue wala usikihamishe. Weka alama, kisha peleka habari kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu nawe. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 yataka hivyo. Na wale wapitao majumbani wakiulizia sarafu kongwe, hata wakiwa na maneno matamu, waambieni hapana.