GARI LETU HALIKUROGWA



Leo tunasema juu ya gari la ushirika. Tulilinunua kuukuu, kwa jasho letu, na tangu lifike halijamaliza mwezi mzima bila kuharibika. Kwanza injini ilichemka ikazimika mlimani. Halafu gurudumu la nyuma likachomoka, likatangulia mbele kama mtu anayewahi mnada. Tena breki zikakataa, gari likaingia kwenye shamba la mtu, tukalipa migomba. Juzi springi imekatika, mahindi yetu yamelala njiani siku mbili na mvua inanyesha.

Sasa kilabuni na kisimani watu wanasema gari lina mkosi. Wengine wamefika mbali zaidi. Wanamtaja bibi mmoja, mjane, ambaye mbuzi wake alikanyagwa na gari hilo. Eti siku ile alisema, "Mtaona." Jamani, maneno hayo ni moto kwenye nyasi kavu.

Tumekaa na fundi na dereva, tukafungua daftari la gari. Tuliyoyakuta ni haya:

1. Rejeta ilikuwa inavuja tangu siku ya kununua. Fundi alisema ibadilishwe. Kamati ikasema tungoje mavuno.

2. Gurudumu lilifungwa usiku baada ya pancha. Nati zinatakiwa sita, zilikazwa tatu.

3. Mafuta ya breki yalikwisha, hakuna aliyeangalia.

4. Gari linabeba tani moja na nusu, yaani magunia 15 ya kilo 100. Siku ya springi lilipakiwa magunia 24, na juu yake watu saba. Hata punda angegoma.

Na fedha ya rejeta ilikwenda wapi? Tunakiri hadharani: nyingine alipewa mganga aliyekuja kuliogesha gari dawa. Sisi tunaoandika hapa tulikuwapo tukanyamaza. Tumekosa, na tunajisahihisha.

Vijana wametuonyesha kwenye simu habari ya gari alimopigwa risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, mjini Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Kifo kile kilianzisha vita iliyofika mpaka hapa Biharamulo, walipokuwa na boma Wajerumani. Inasimuliwa kwamba gari lile liliuzwa kwa huyu na yule, na kila aliyelinunua akafa. Ni uongo. Liliwekwa katika makumbusho ya jeshi mjini Vienna mwaka uleule wa 1914, na mpaka leo liko pale. Basi hadithi ya mkosi haihitaji ukweli. Inahitaji midomo tu.

Lakini midomo inaua. Tunajua yaliyowapata bibi zetu huko Usukumani. Wazee walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Isitoshe, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ipo hadi leo, nayo inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Anayemsema bibi yule kilabuni ajue kwamba anavunja sheria.

Kwa hiyo tunashauri hivi kwa mkutano mkuu. Gari lisipakiwe zaidi ya magunia 15, hata kama mzigo ni wa mwenyekiti au wa katibu. Kila asubuhi dereva aangalie maji, oili, breki na nati, aandike daftarini, na mjumbe mmoja atie sahihi. Fedha ya vipuri iwekwe kando, isiguswe kwa jambo jingine.

La mwisho. Mwenye migomba alilipwa ndani ya wiki moja, kwa kuwa ana sauti kubwa. Bibi wa mbuzi hajalipwa mpaka leo. Yule bibi hana deni kwetu. Sisi ndio wadaiwa wake. Tumlipe mbuzi wake kabla gari halijawashwa tena.

Ushirika ni kuaminiana.