Kuvu Dhidi ya Kuvu

Daftari la wiki

Punje za buluu. Anayeishika Aflasafe KE01 kwa mara ya kwanza huona mtama tu, uliotiwa rangi ya buluu. Mtama huo umekaangwa usiote, kisha ukapakwa kuvu aina nne za hapa hapa Kenya. Ni ndugu wa ile inayotia mahindi sumu, ila hizi kwa maumbile yake haziwezi kuitengeneza. Watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KALRO, wa taasisi ya kilimo cha tropiki, IITA, na wa Idara ya Kilimo ya Marekani hawakubadili jeni yoyote. Walitafuta, wakapima, wakachagua. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu njema hula ule mtama, huenea, na ile mbaya hukuta shamba lina wenyewe.

2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo waliugua kwa sumukuvu watu 317, wakafa 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyowaua walikuwa wameyalima wenyewe, wakayaweka ndani kabla hayajakauka. Mwaka 2007, Claudia Probst, Peter Cotty na mwenzao walionyesha kwamba yalijaa kuvu ya kundi la S, lenye sumu nyingi kupita kiasi. Na tulikuwa tumeonywa: mwaka 1981, huko Machakos, walilazwa watu 20, wakafa 12.

Jikoni. Kukoboa mahindi ya muthokoi hupunguza sumukuvu. Kuyachemsha hakuimalizi, hata yakeshe motoni. Tusimtwike mpishi kazi iliyopaswa kufanywa shambani.

Arizona. Mwaka 2017, Monica Schmidt na wenzake walitangaza mahindi waliyoyabadili jeni ili punje yenyewe iizime jeni ya sumu ndani ya kuvu. Nautakia utafiti huo heri. Kenya iliondoa marufuku ya vyakula vya aina hiyo mwaka 2022, mabishano yakahamia mahakamani.

Lakini punje za buluu hazingoji hukumu. Zinatengenezwa Katumani, kwa jirani Machakos. Kaunti za Makueni na Kitui ziweke fedha za kumpunguzia mkulima bei, na mzigo uwe kwenye maduka ya pembejeo ya Mwingi na Kibwezi kabla ya palizi ya pili ya vuli. Mahindi yakishatoa maua, tumechelewa.