Kulazwa si Kutibiwa

Katika somo la mnyambuliko wa vitenzi, huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kitenzi 'lala' na kuwataka wakinyambue. Hawachelewi kufika kwenye 'laza' na 'lazwa', na nikiwauliza maana ya hilo la mwisho, darasa zima hujibu kwa pamoja kwamba ni kupokewa hospitalini kwa ajili ya matibabu. Hakuna anayeshangaa. Katika lugha yetu mgonjwa haingii hospitalini, hulazwa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kuamua tiba kabla ya daktari kuvaa koti lake. Kwa miaka mingi nililichukulia neno hilo kuwa mfano mwafaka wa kauli ya kutendeshwa, basi. Siku hizi nikiliandika ubaoni mkono husita, na sababu ya kusita huko ni mwalimu wangu wa shule ya msingi.

Mwalimu huyo ndiye aliyenifunza kusoma. Alistaafu zamani, wanawe wakahamia ng'ambo, naye akabaki nyumbani peke yake. Alipokuwa na umri wa miaka 81 aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Upasuaji ulifanyika vyema. Baadaye wanawe walishauriana kwa simu, nami nikiwa miongoni mwa walioombwa maoni, ikaafikiwa apelekwe katika makao ya wazee yaliyoko viungani mwa jiji. Mimi ndimi niliyewaambia wahudumu, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba mama huyu amefanya kazi ya kutosha maishani mwake na sasa aachwe apumzike. Walitii. Niliporudi baada ya majuma matano (nilikuwa nimezama katika kusahihisha mitihani, udhuru ambao walimu wenzangu wataufahamu hata wasipoukubali), nilimkuta hawezi kuketi bila ya kuegemezwa. Miguu ilikuwa imekonda kama fito. Kisigino kimoja kilikuwa na kidonda cha kulalia. Alikuwa safi, shuka zake nyeupe, chakula chake alilishwa kwa wakati, na hakuna mtu aliyekuwa amemtesa. Nyonga iliyovunjika ilikuwa imeunga. Kilichoharibika ni mwili mzima uliobaki.

Yaliyompata hayana siri yoyote kwa waganga. Mnamo mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 11 wenye afya njema, umri wao wa wastani ukiwa miaka 67, waliokubali kulala kitandani kwa muda wa siku 10. Hawakuwa wagonjwa, hawakuvunjika popote, na walikula vizuri. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguu. Ikiwa hayo huwapata wazima, sembuse bikizee wa miaka 81 aliyetoka kupasuliwa na kulazwa majuma matano! Misuli isiyotumika husinyaa, viungo hukakamaa, damu huganda miguuni, mapafu hujaa makohozi hadi kichomi kikaingia, tumbo hufunga choo, na mtu akisimamishwa ghafla kichwa humzunguka akaanguka. Kisha sisi tulio wazima humtazama tukasema, "Masikini, uzee umemwelemea." Kumbe uzee umesingiziwa.

Wala jambo hili si uvumbuzi wa juzi. Mwaka wa 1947 daktari Richard Asher wa London aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza makala iliyotaja, kiungo baada ya kiungo, madhara ya kumweka mgonjwa kitandani bila ya sababu. Kabla yake alikuwapo mwanamke ambaye laiti ningekuwa na uwezo ningeamuru kila mwanafunzi wa uuguzi amsome. Daktari Marjory Warren alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya West Middlesex, Isleworth, magharibi mwa London. Mnamo mwaka wa 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa wagonjwa 714 kutoka kwa nyumba jirani ya maskini, wengi wao wakiwa wazee waliokuwa wamelazwa miaka na mikaka bila ya mtu kuuliza walikuwa wakiumwa nini hasa. Walikuwa wamechanganywa pamoja: aliyepooza upande mmoja, aliyepotewa na akili, na aliyekosa tu mahali pa kwenda. Warren aliwachunguza mmoja mmoja kama vile ndio kwanza wamefika. Aliwatenga kwa mahitaji yao, akapaka wodi rangi za kuchangamsha, akaweka vyuma vya kushikilia ukutani, akaleta viti vya kukalika, akawataka wauguzi wawatoe watu vitandani wavae nguo zao na kujifunza upya kusimama na kutembea. Wengi walitembea. Wengine walirudi makwao. Tiba ya wazee kama taaluma nchini Uingereza ilichipuka katika wodi hizo, na haikuchipuka kwa dawa mpya.

Pengine msomaji atauliza kama watu wakongwe kabisa nao wana faida yoyote ya kupata katika mazoezi. Jibu lilitolewa Boston. Mwaka wa 1990 Maria Fiatarone na wenzake walieleza jinsi walivyowachukua wakazi 10 wa makao ya wazee ya mji huo, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma manane. Si mazoezi ya kupunga mikono kwa upole. Ni uzito wa kweli uliokuwa ukiongezwa kadiri mtu alivyopata nguvu. Mmoja hakufika mwisho. Kwa tisa waliomaliza, nguvu za misuli ya mapaja ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, na wawili kati yao waliacha kutembelea mikongojo. Miaka minne baadaye kikundi hicho kilichapisha utafiti mpana zaidi wa wakazi 100. Wengine walifanya mazoezi, wengine wakapewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na wengine havikuwafikia. Waliofanya mazoezi walipata nguvu na kutembea kwa kasi zaidi. Waliopewa lishe peke yake, udhaifu wao haukupungua. Naomba wanafunzi wanaosoma ukurasa huu waliweke akilini jambo hilo la mwisho, kwa maana nitalirudia.

Nchini Kenya mjadala huu hukwama mapema, na kwa kiasi fulani hukwama katika msamiati. Ukimtajia Mkenya 'nasingi homu' atawazia hospitali ndogo ya kibinafsi mtaani, mahali ambapo mama hujifungulia, wala hatawazia makao ya wazee. Hayo ya pili tumezoea kuyatazama kama aibu ya Wazungu wanaowatupa wazazi wao. Hata hivyo makao hayo tunayo, na tumekuwa nayo kwa miaka mingi: Nyumba ya Wazee ya watawa kule Kasarani, Mji wa Huruma ulio chini ya serikali ya jiji la Nairobi, na mengineyo ambayo makanisa na watu binafsi wameyaanzisha. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wao watatunzwa majumbani na jamaa zao, lakini watoto wanapohamia mijini na ng'ambo, idadi ya wale watakaotunzwa na wageni itaongezeka tupende tusipende. Swali la kujadili sasa ni mzee atafanya nini akishafika huko, tangu asubuhi hadi jioni.

Na hapa kuna kikwazo ambacho hakitokani na umaskini wala uzembe. Kinatokana na heshima. Sisi tumelelewa kwamba mzee akiinuka kuchukua maji, kijana humtangulia. Mzee akishika jembe, jirani huuliza kama hana watoto. Kumhudumia mtu mzima hadi asinyanyue kidole ndiko tunakokuita adabu, na mhudumu wa makao aliyelelewa vyema huifikisha adabu hiyo kazini: "Shosho, usijisumbue, mimi nitakuletea." Huletewa chai, huletewa karai la kunawia, huletewa na chombo cha kujisaidia. Kila tendo la upole humpunguzia hatua kumi, na mwisho wa mwezi zimekuwa hatua elfu kadhaa ambazo miguu yake haikuzipiga. Lugha yetu humwita mtu wa namna hii 'asiyejiweza'. Tuitazame sana ile 'ji'. Kirejeshi hicho kinadai kwamba mtendaji na mtendewa ni mtu mmoja. Kumtendea kila kitu ni kukifuta kiambishi chenyewe, na mtu aliyeondolewa nafasi ya kujifanyia hawezi kulaumiwa kwa kutojiweza.

Sitaki nionekane ninawasimanga wahudumu. Nimewaona wakifanya kazi. Kumlisha mzee kwa kijiko huchukua dakika tano. Kumngojea ajilishe mwenyewe kwa mkono unaotetemeka huchukua nusu saa, na ubwabwa humwagika. Mhudumu mwenye wazee kumi na wawili asubuhi moja hana nusu saa kumi na mbili za kungojea. Anayedai kwamba mazoezi hayana gharama amdanganye mwingine. Gharama ipo nayo ni mikono ya watu na muda wao. Lakini mzee ambaye leo amesaidiwa kusimama peke yake, kesho hatahitaji wahudumu wawili wa kumnyanyua, na hatahitaji kufungwa bandeji ya kidonda kwa miezi mitatu. Kidonda cha kulalia hula muda na fedha kuliko tembezi zote za asubuhi.

Hofu nyingine ni kuanguka. Wenye makao huogopa kulaumiwa, na jamaa, nami nikiwamo, huwatisha. Kwa hiyo salama huonekana kuwa kitandani, au katika kiti ambacho meza yake imefungwa mbele ili mtu asiinuke. Marekani ilipitia njia hiyo. Kuwafunga wazee vitini na vitandani kulikuwa jambo la kawaida katika makao yake mengi, mpaka sheria ya mwaka wa 1987 ilipowapa wakazi haki ya kutofungwa kwa sababu ya urahisi wa wahudumu. Vifungo vilipopunguzwa, mlipuko wa majeraha uliohofiwa haukutokea. Waama, mtu asiyesimama kamwe hudhoofika, na aliyedhoofika ndiye huanguka siku anapojaribu kwenda chooni usiku bila ya kumwamsha mtu. Dawa ya kuanguka ni miguu yenye nguvu, taa inayowaka, sakafu kavu, chuma cha kushikilia, na viatu vinavyoshika mguu. Wazee wetu karibu wote huvalishwa ndara, kiatu ambacho hata mimi hunikwaza.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, wanajiendeleza na kuishi kwa heshima. Sioni vipi mtu atashiriki katika lolote akiwa chali. Tangu 2014 tuna sheria inayosimamia wataalamu wa tiba ya viungo, na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kimekuwa kikiwafunza wataalamu hao kwa miaka mingi. Basi makao yoyote yanayopewa leseni yangelazimishwa kuonyesha, pamoja na vyoo na jikoni, mpango wa kila mkazi wa kusimama na kutembea, na jina la mtaalamu anayeukagua. Hilo halihitaji mashine. Zoezi alilopewa mwalimu wangu lilihitaji kiti kisichoyumba na meza nzito.

Naam, alipata nafuu, japo si kwa hekima yangu. Msichana aliyekuwa pale kwa mafunzo ya nyanjani, mwanafunzi wa tiba ya viungo, alikuwa ameomba ruhusa ya kumwinua, akanyimwa kwa kuwa "jamaa yake, yule profesa, alisema apumzike." (Mimi si profesa, lakini katika kosa hili cheo hicho ninakistahili.) Niliiondoa amri yangu papo hapo. Siku ya kwanza Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika mbili, akalia kwa maumivu, nami nikataka kuyakatiza. Msichana alinitazama tu. Baada ya juma moja alisimama akishika meza. Alihesabu mwenyewe kila aliposimama, kwa sauti ileile aliyotuhesabia mstarini. Imechukua miezi minne. Hatembei kama zamani, na ngazi hawezi, lakini kila asubuhi hutoka kwa mkongojo hadi chini ya mwembe na kurudi, na chooni huenda mwenyewe, jambo ambalo aliniambia lina thamani kwake kuliko vitabu vyangu vyote.

Madaktari wa Tanzania wana neno zuri kwa kazi hii: utengamao. Sisi huku tumelitumia 'ukarabati' kwa barabara na nyumba, na 'urekebishaji' tumewapa walevi, hata mzee anayefunzwa kutembea upya akabaki bila ya neno. Ningeshauri tuliazime, na walimu wa Kiswahili walipeleke darasani.

Nimeahidi kurudi kwa wanafunzi. Kila muhula vyama vya shule zetu huzuru makao ya wazee vikibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Hupigwa picha, huimbwa nyimbo, wazee wakiwa wameketi safu kama watu wanaongoja basi, na baada ya saa moja wageni huondoka. Msiache kupeleka unga. Yako makao ambamo chakula ni haba kweli, na mwenye njaa hafanyi mazoezi. Lakini kumbukeni waliopewa lishe peke yake kule Boston. Mkifika, mwombeni muuguzi awaonyeshe ni nani anayeruhusiwa kutembea na namna ya kumshika, kisha kila mmoja wenu amchukue mzee mmoja kwa mwendo wake yeye mzee, hata ikiwa ni hadi mlangoni na kurudi. Mwacheni ajimiminie chai. Na mkichanga fedha, kabla ya kununua mfuko wa pili wa sukari ulizieni saizi za miguu. Mwalimu wangu huvaa nambari nne, na amenituma viatu vya raba vya kufunga kwa kamba, kwa kuwa zile ndara amekwisha kuzitupa.