Picha za Idi na Kofia Iliyogeuzwa Ndani

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, Mombasa yetu hailali. Zamani, aliyetaka kujua soko la Idi li hali gani alikwenda barabara ya Biashara baada ya tarawehe, akasimama mlangoni pa duka la leso, akawatazama akina mama wakikunjua doti, wakilifinya pindo kwa vidole, wakiigeuza nguo nyuma waone kama rangi imepenya. Muuzaji alisifu, mnunuzi alikosoa, na baina yao palikuwa na nguo yenyewe, haikuweza kusema uongo.

Barabara ile ingali inajaa. Lakini soko jingine limefunguka katika kiganja cha mkono. Tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, na simu zenye kamera zikafika mikononi mwa kila mtu, mama mpika halua wa Kibokoni hahitaji duka. Ahitaji picha. Mteja yuko Malindi, au Voi, au Maskati kwa mwanawe. Aiona picha, atuma pesa, angoja mzigo. Ni neema kubwa hii kwa mjane na kwa binti asiye na kodi ya duka, wala sitaki nieleweke kuwa naipinga. Ninalotaka kulisema ni kwamba mnunuzi wa zamani alinunua alichokishika, na wa leo hununua picha kisha akaletewa kitu.

Mimi mwenyewe nimeletewa. Mwaka jana niliona katika simu kofia ya viua, kazi ya mkono, vitobo vyake vimepangika kama nyota usiku wa kiangazi. Bei ilikuwa chini kidogo ya niijuayo, nikasema moyoni, haya ni mafungulio ya Ramadhani. Ilipofika nikaigeuza ndani. Uzi wa cherehani kutoka ukingoni hata utosini! Anayejua kofia ajua kwamba ile ya mkono huchukua miezi, kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano peke yake, na macho ya mshonaji huishia humo. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa adabu nyingi kwamba ile picha ilikuwa “ya mfano”.

Ya mfano! Sote tuliopita chuoni tulisomeshwa kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa, basi mbona hukuiweka juu ile iliyorowa, watu waione? Nimekirudia kisa hiki mara nyingi tangu kofia yangu ilipokuja. Picha nayo ni lundo, ina juu na chini, na kamera haioni ila juu. Mnunuzi hana mkono wa kutia. Kwa hiyo, wajibu wa kugeuza umemwangukia muuzaji peke yake.

Ramadhani iliyopita, zikiwa zimebaki siku tisa, alinijia mpwa wangu, binti wa dada yangu. Yeye hushona magauni ya watoto, na huuza kofia anazoletewa na jamaa zake wa Lamu. “Mjomba,” akaniambia, “wewe ulikuwa ukipiga picha za gazeti. Nisaidie, picha zangu hazina mvuto.” Vitambaa alikuwa amevinunua kwa pesa za chama, na zamu ya kurudisha ilikuwa mwezi ule ule. Nikaziangalia picha zake. Alizipiga usiku baada ya kufuturu, chini ya taa ya manjano, na gauni la kijani limekuwa kama mchicha uliochemka. Wenzake wakati huo huo walikuwa wakionyesha nguo zinazong'ara juu ya sakafu ya marumaru, picha zilizochukuliwa katika maduka ya Dubai ambayo hawajapata kuyakanyaga.

Mimi nilianza kazi enzi ya filamu ya picha 36, ukikosea umekula hasara. Nikamwonyesha nilichokijua. Tulitoka barazani saa mbili asubuhi, mahali penye kivuli chenye mwangaza, kwani jua kali huua rangi nyekundu na kuzitia nguo weusi mikunjoni. Upande wa pili tukatundika shuka jeupe lirudishe nuru. Tukafuta kioo cha kamera, maana simu ya mtu anayekanda mahamri haikosi mafuta. Kila kofia tuliipiga mara tatu: nje, ndani, na ikiwa mkononi ili ukubwa wake ujulikane. Ile picha ya ndani mpwa wangu hakuipenda. “Nani atakayetaka kuona ndani, mjomba?” Nikamwambia, mimi.

(Jirani alipotuona akakimbia na sahani ya kaimati naye apigiwe picha, shira inametameta, saa tano ya mchana, kinywa changu kimekauka kama mfereji wa kaskazi. Nilimpigia. Sitasahau.)

Kupamba picha si dhambi. Wazee wetu walijipamba sana. Studio ya Parekh ilifunguliwa Mombasa mwaka 1942, na Lamu kulikuwa na ya Bakor. Watu walikwenda na nguo zao za sikukuu, wakasimama mbele ya mandhari ya kuchorwa, wakashika simu isiyo na waya wa kwenda popote. Lakini hakuna aliyeuziwa ile simu. Mchezo ule mchezaji na mtazamaji waliujua pamoja. Picha ya Dubai katika simu ya muuzaji wa Mombasa mmoja tu ndiye anayeujua mchezo wake.

Sheria ipo. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 yakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa kofia moja? Nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya thamani yake, na muuzaji alijua hivyo kabla yangu. Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu: twataka kazi ya mkono kwa bei ya cherehani, kisha twashangaa.

Likaja jambo la pili, nalo lilitugombanisha. Gauni likining'inia kwenye kamba halisemi kitu. Likivaliwa na mtoto linauzika. Mpwa wangu akamtaka binti wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, avae. Mama yake alinyamaza, na katika mitaa yetu kunyamaza kwa jirani si ruhusa, ni haya. Nikakataa kupiga. Hapo nilimweleza mpwa wangu habari ya Septemba 2023, wakati kamishna wa ulinzi wa data alipoitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2019, na mtoto haridhii mwenyewe, huridhiwa na mzazi au mlezi wake. Lakini kabla ya sheria, mimi nilimfikiria yule mtoto akisafiri kutoka simu hata simu, kwa watu tusiowajua, na hakuna wa kumrudisha. Tukayapiga magauni kambani.

Kofia zilikwisha kabla ya usiku wa ishirini na saba, na wateja wawili walituma ujumbe kwamba walinunua kwa sababu ya ile picha ya ndani. Magauni saba yalibaki, na pesa za chama alizikamilisha kwa kukopa kwangu. Hakunilaumu kwa ulimi. Siku ya pili ya Idi alikuja kunipa mkono, akayataja magauni yake kabatini, kisha akasema, “Mjomba, Idi ya Mfunguo Tatu nitampiga picha binti yangu mwenyewe. Ruhusa ni yangu.”

Binti huyo ana miaka minne. Mpaka leo sijamjibu mama yake.