Daktari wa TikTok Kakosa Ubingwa Mara Mbili, Ila Konekisheni Siyo Ishu Yake

Wadau mlioiona ile klipu ya daktari kijana akilia ndani ya gari, mjue stori haijaisha. Jamaa ni mtoto wa Kimali, huko Simiyu kwenye pamba. Jina lake wengi mnalijua, acha likae. Kaomba kusomea ubingwa wa upasuaji mara mbili, kapigwa chini mara mbili, na safari hii katangaza kwamba Bongo bila konekisheni hutoboi. Komenti zikafurika: pole dokta, nchi ngumu, wameshapangiana wenyewe.

Pole anastahili kweli. Umesota miaka mitano ya MD, mwaka mmoja wa intanshipu, umesajiliwa na Baraza la Madaktari, halafu unaambiwa tena hapana. Na nyumbani Kimali wanajua mtoto wao ni daktari, imeisha hiyo. Bingwa ndiyo nini tena? Mama mtu anaulizwa kila gulio kwa nini mwanaye bado anapanga chumba kimoja Dar. Hiyo siyo ya kucheka.

Ila kwenye konekisheni jamaa kajichanganya.

Tatizo la kwanza ni video za Wamarekani. Kule tangu 1952 kuna mfumo mmoja wa nchi nzima: mwombaji anapanga orodha ya hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinapanga waombaji, mashine inawakutanisha, majibu yanatoka Machi. Huku kwetu hakuna kitu kama hicho. Unaomba chuo chenyewe, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC au UDOM, na unaomba fani yako moja kwa moja. Kwa hiyo yale mambo ya kujitangaza na nguo za thieta mtandaoni hayana mtu wa kuyasoma.

Huku maswali ni mawili: chuo kitakupokea? Na nani atalipa? Wengi wanaanguka kwenye la pili, wanadhani wameanguka la kwanza. Mtumishi wa serikali aliyethibitishwa kazini, jina lake likaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, anaomba ruhusa na anasoma huku mshahara unaingia. Serikali nayo inasomesha mabingwa na mabingwa bobezi kwa ufadhili wa Samia. Sasa jamaa, kwa mdomo wake kwenye video za nyuma, aliacha kituo cha kazi wilayani akakimbilia Dar ili awe "karibu na fursa". Leo yuko kliniki ya mtu kwa mkataba, anaandika dawa za mafua na kurekodi. Ruhusa ataombewa na nani?

Mlinganishe na dada mmoja waliyemaliza naye darasa moja. Huyu hana wafuasi. Alibaki hospitali ya wilaya, usiku akiitwa kuzalisha akina mama kwa upasuaji, kila kesi anaiandika kwenye daftari: alifanya nini, nani alimsimamia, mgonjwa aliishia wapi. Mwaka 2024 kambi ya madaktari bingwa wa Mama Samia ilipofika kwenye halmashauri yake, wenzake walipiga selfi wakasepa. Yeye alisimama thieta na mabingwa mpaka siku ya mwisho, akauliza maswali mpaka akachosha watu. Barua ya kumdhamini aliyoipata pale imeandikwa na mtu aliyemwona akifanya kazi. Kama hiyo nayo ni konekisheni, basi na itafutwe hivyo.

Na hakuomba upasuaji. Kaomba usingizi, fani ambayo vijana wengi wanaipita kama kituo cha daladala kisicho na abiria. Siyo kwamba alitafuta mlango mwepesi. Alichoka kushika kisu usiku huku akiwa na wasiwasi na anayemlaza mgonjwa. Anayekimbilia usingizi, akili au patholojia kwa sababu tu foleni ni fupi, wasaili wataona mapema, na asipoonekana basi atajuta miaka mitatu.

Upendeleo upo, kukataa ni uongo. Lakini ukiwa huna daftari, huna mwajiri na wadhamini wako wamekusahau tangu intanshipu, hata asiyependelea mtu hana cha kukupa.

Kama jamaa moyo wake ni kisu tu, bado kuna COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji chenye makao Arusha. Unajifunza ukiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa, upasuaji wa jumla miaka mitano, mitihani siyo ya kitoto. Lakini nako lazima hospitali ikubali kukubeba.

Yule dada alipita chini ya ile klipu akaandika mstari mmoja: "Kaka rudi, huku zamu za usiku bado zina nafasi." Una laiki kibao. Jamaa hajajibu.